Turbo kwenye 1HZ: ufunge seti, uhamie 1HD, au uiache ilivyo?

Mwenye Land Cruiser mkonga (lenye bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo) na injini ya dizeli ya 1HZ hahitaji kuelezwa udhaifu wa gari lake. Halifi, spea zake ziko karibu kila mji, na fundi aliyekulia gereji anaijua injini hiyo hata gizani. Lakini lipakie watu saba, mizigo kwenye keria na madumu nyuma, kisha lipandishe mlima Kitonga: gia ya tatu, mguu umefika sakafuni, na lori lililokuwa mbali nyuma sasa linakuomba njia. Hapo ndipo habari ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, inapoanza.

Wengi wanafika gereji na swali moja: nifunge turbo gani? Mimi naliweka swali hilo mwishoni. La kwanza ni namna ya kuilinda injini ambayo kiwandani haikutengenezwa kupokea hewa ya kusukumwa. Njia ziko tatu: kufunga seti ya turbo kwenye 1HZ uliyonayo, kuitoa na kuweka 1HD ambayo ilizaliwa na turbo, au kuiacha bila turbo na kuirudishia nguvu iliyopotea kwa uchakavu. Kila njia ina mahali inapofaa na mahali inapoua injini.

Injini zenyewe zikiwekwa pamoja

| | 1HZ | 1HD-T | 1HD-FTE |
|---|---|---|---|
| Ukubwa | lita 4.2 | lita 4.2 | lita 4.2 |
| Turbo ya kiwandani | hakuna | ipo | ipo |
| Dizeli inapopuliziwa | chumba kidogo cha pembeni | juu ya pistoni | juu ya pistoni |
| Uwiano wa mgandamizo | takriban 22.4:1 | 18.6:1 | 18.8:1 |
| Nguvu | takriban kW 96 | takriban kW 123 | hadi kW 151 |
| Torki (nguvu ya kuzungusha) | takriban Nm 285 | takriban Nm 360 | hadi Nm 430 |

Mstari wa kuangalia hapo ni ule wa mgandamizo, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda. Injini ya 1HZ inaibana hewa sana kwa sababu haina msaada wowote. Lazima ifikishe joto la kuwasha dizeli kwa nguvu yake yenyewe. Ukiisukumia hewa ambayo tayari imebanwa, presha ya mwisho ndani ya silinda inapanda juu ya ile iliyokusudiwa. Ndiyo maana Toyota, walipotengeneza ndugu yake mwenye turbo, walishusha uwiano hadi 18.6 na kubadilisha pistoni pamoja na namna ya kupulizia dizeli. Ni zaidi ya 1HZ iliyofungwa turbo.

Mstari wa pili ni mahali dizeli inapopuliziwa. Kwenye 1HZ moto unaanzia ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, kisha unachomoka kwa kasi kupitia tundu jembamba hadi juu ya pistoni. Chumba hicho hupokea joto kali kila mzunguko. Injini hii ikizidiwa na turbo, nyufa huanzia humo, au kwenye hedi katikati ya valvu mbili, na baada ya hapo ndipo pistoni zinafuata.

Kinachoua ni joto

Mtu akisikia 1HZ yenye turbo imekufa, husema presha ilizidi. Mara chache ndiyo sababu. Presha ya 0.5 hadi 0.7 bar, yaani psi 7 hadi 10, inavumilika kwenye 1HZ nzima yenye afya. Muuaji ni mafuta yaliyoongezwa kupita hewa iliyopo, na joto linalotokana nayo.

Hapa nazungumza na mafundi pia, kwa sababu kosa hili linatoka gereji. Kwenye injini ya petroli yenye turbo, mafuta yakipungua kuliko hewa, injini inachemka na kugonga, na dawa ni kuongeza mafuta. Kwenye dizeli ni kinyume kabisa. Mafuta yakizidi, joto linapanda. Hewa ikizidi, joto linashuka. Fundi aliyezoea Subaru akija kwenye 1HZ na kusema "ngoja niifungulie mafuta kidogo ipoe" anaiua, tena kwa nia njema. Moshi mweusi kwenye mlima ni dizeli isiyopata hewa ya kutosha, na huko ndani pistoni zinababuka.

Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi za pistoni huanza kulegea mapema zaidi ya hapo. Pistoni haifikii joto la moshi wenyewe, kwa kuwa inapozwa na oili na kuta za silinda, lakini inalikaribia kadiri mlima unavyokuwa mrefu. Kanuni ya kidole gumba kwa watu wanaofunga turbo kwenye 1HZ, hasa Australia ambako kazi hii imefanywa miaka mingi, ni kutopita nyuzi 650 kwa mwendo wa kuendelea, na 700 kwa muda mfupi tu wa kupita gari au kumaliza kilima. Vipimo hivyo ni vya kabla ya moshi kuingia kwenye turbo.

Geji ya joto la moshi: kabla ya turbo au baada?

Hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya turbo yenyewe. Kinafungwa sehemu mbili, na mafundi hubishana kuhusu ipi ni bora.

Kufunga baada ya turbo, kwenye bomba la ekzosi, ni rahisi. Unatoboa bomba, unachomelea nati, unaskurubu kipimo. Kikivunjika, kipande kinatoka na moshi na hakuna kinachoharibika. Shida ni kwamba moshi umeshaiachia turbo sehemu ya joto lake. Tofauti inaweza kuwa nyuzi 100 hadi 200 injini ikiwa chini ya mzigo, na ndogo sana injini ikiunguruma bila mzigo, kwa hiyo huwezi kusema "nitajumlisha 150 kila mara" ukawa salama. Geji inayosoma 500 mlimani inaweza kuwa inakuficha 650, na inaweza kuwa inakuficha 700.

Kufunga kabla ya turbo, kwenye manifoldi (mkusanyo wa mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda), kunakupa joto lile lile linaloigusa injini. Hatari yake ni mbili. Kipimo cha bei ya kutupa kikikatika ncha, ncha hiyo inaingia kwenye feni ya turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Na ukitoboa manifoldi ikiwa bado imefungwa kwenye injini, chenga za chuma zinasubiri humo ndani hadi siku ya kwanza ya kuwasha.

Mimi ni wa kabla ya turbo, bila kusita. Nunua kipimo kizuri, na manifoldi itobolewe ikiwa mezani. Fundi anayekwambia "mzee, tunaweza kutoboa hapo hapo, tutapaka grisi kwenye drili ishike chenga" anajua anachofanya nusu. Grisi inashika nyingi, haishiki zote. Kwa kuwa manifoldi ya zamani itatolewa hata hivyo ili ya turbo iwekwe, hakuna sababu ya kukimbilia njia ya mkato.

Ukiwa nayo, tazama inavyofanya kazi siku moja mlimani. Gari likiwa tambarare kwa kilomita 80 kwa saa, sindano inakaa chini tu. Ukianza kupanda inapanda nayo, haraka kuliko unavyodhani: sekunde chache kutoka 450 hadi 600. Joto la maji kwenye dashibodi hata halijatikisika. Achia mguu kidogo, au shuka gia moja injini izunguke zaidi ipate hewa, na sindano inarudi. Geji ya maji ya Toyota yenyewe imetengenezwa isimame katikati katika eneo pana la joto. Ikianza kupanda, umechelewa.

Skurubu ya mafuta peke yake, au kifuniko kinachosikiliza turbo?

Pampu ya 1HZ ni ya kuzunguka, na nyuma yake kuna skurubu ya kuweka kiwango cha juu cha mafuta. Njia rahisi ya kufunga turbo ni kuiongeza skurubu hiyo robo mzunguko na kumkabidhi mteja gari linalovuta. Linavuta kweli. Tatizo ni kwamba pampu haijui turbo imefika wapi. Ukikanyaga ghafla injini ikizunguka polepole, turbo bado haijakusanya hewa, ila mafuta ya turbo tayari yameingia. Unapata wingu jeusi kila unapoondoka kwenye taa, na kwenye mpando wa mchanga unapotembea taratibu kwa mzigo mzito, joto linakaa juu muda mrefu.

Njia ya pili ni kuweka kwenye pampu kifuniko chenye utando unaounganishwa kwa hozi nyembamba na presha ya turbo. Presha ikipanda, utando unashuka na pampu inaruhusu mafuta zaidi. Presha isipokuwepo, injini inapewa mafuta yake ya kawaida tu. Hii inafanywa na fundi pampu kwenye mashine ya kupimia, pampu ikiwa nje ya gari, na ndiyo gharama inayokatwa kwanza bajeti ikibana. Ningekata kitu kingine chochote kabla ya hiki. Huku ukiwa hapo, nozeli zote sita zipimwe: nozeli moja inayomwaga badala ya kupuliza inaweza kutoboa pistoni moja huku geji, inayosoma wastani wa moshi, ikikuambia mambo ni shwari.

Jambo jingine linalosahaulika ni mwinuko. Ukiweka mafuta yako Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, kisha ukalipeleka gari Ngorongoro, umebadilisha injini bila kugusa spana. Ukingoni mwa kreta, kwenye mita 2,300 hivi, hewa ina takriban robo tatu ya uzito wa hewa ya pwani. Geji ya turbo itasoma 0.6 bar ile ile, maana inapima tofauti na hewa ya nje, lakini hewa halisi inayoingia kwenye silinda imepungua kwa karibu asilimia 15. Mafuta hayajapungua. Hesabu yake unaiona kwenye moshi na kwenye sindano ya joto unapotoka lango la Lodoare kupanda ukingoni. Kwa hiyo gari la Arusha, Njombe au Nyanda za Juu za Kenya liwekwe mafuta huko huko, kwa mlima wa huko. Turbo ni msaada mkubwa kwenye mwinuko kuliko pwani, ila ni kwa aliyeweka mafuta kwa hewa ya mlimani.

Bomba la ekzosi au intakula?

Ukiwa na hela ya kimoja tu, watu wengi watachagua intakula, ile rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Inaonekana, inapendeza kwenye picha, na kinadharia ina kazi nzuri. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi 0.7 bar na turbo ya kawaida inatoka na takriban nyuzi 100. Intakula nzuri ikiishusha hadi 50, umeongeza hewa kwa karibu asilimia 16 bila kuongeza presha, na joto la moshi nalo linashuka.

Lakini tazama Toyota walichofanya wenyewe. Land Cruiser 80 zenye 1HD-T na 1HD-FT iliyoifuata zilitoka kiwandani bila intakula. Ilikuja baadaye kwenye 1HD-FTE ya Land Cruiser 100, walipotaka nguvu zaidi. Kwa 1HZ inayokaa kwenye 0.5 bar na mafuta ya kiasi, si kitu cha lazima.

Bomba la ekzosi, kinyume chake, wengi wanaliacha lile lile jembamba la zamani. Moshi uliosukuma turbo unapaswa kutoka upesi. Ukikwama, unarudi kuisukuma pistoni, joto linajenga, na turbo inachelewa. Bomba la inchi 3 kutoka kwenye turbo hadi nyuma, lenye kona laini, fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa sehemu ya bei ya intakula, na kwa 1HZ ndilo litakalokushushia joto zaidi kwa kila shilingi unayotoa. Basi: ekzosi kwanza, intakula baadaye kama bado unataka kwenda 0.7 bar au gari linavuta tela.

Na ukifika huko, mahali pa intakula pana maneno yake. Ya mbele ya rejeta inapata upepo mzuri barabarani, lakini inaziba rejeta ya maji. Gari la watalii linalotambaa kwa kilomita 20 kwa saa kutwa nzima, kiyoyozi kimewashwa, litaanza kuchemsha maji wakati lilikuwa halichemshi. Ya juu ya injini yenye tundu kwenye boneti haiigusi rejeta, ila ukitembea polepole inakaa kwenye joto la injini yenyewe na kuwa mzigo. Kwa gari la mbugani ningechagua ya juu, yenye feni yake ya umeme. Kwa pikapu ya barabara kuu, ya mbele, baada ya rejeta kuzibuliwa na feni ya silikoni inayoipoza kuhakikishwa inashika.

Seti iliyoundwa kwa 1HZ, au turbo ya kuokoteza?

Seti huja na manifoldi ya chuma cha kumwaga, turbo iliyochaguliwa ukubwa, bomba za oili na gasketi zake. Ni ghali, na bei ndiyo inayomfanya mtu aingie kwenye maduka ya spea za mtumba kutafuta turbo "inayofanana". Hapo jihadhari na majina. Turbo ya CT26, kwa mfano, ilifungwa kwenye 1HD-T, na pia kwenye injini za petroli za Toyota kama 3S-GTE ya Celica na 7M-GTE ya Supra. Kibao kimeandikwa jina lile lile, ndani si kitu kile kile. Turbo ndogo itaamka mapema na kukufurahisha mjini, kisha juu ya mzunguko fulani inakuwa kizibo cha ekzosi. Kubwa itachelewa, na huko chini unakula moshi mweusi. Kwa gari la kazi, kosea upande wa ndogo kidogo.

Manifoldi ya kuchomelea kwa mabomba ya kawaida hupasuka. Haipasuki wiki ya kwanza. Inapasuka baada ya kupashwa na kupoa mara nyingi, tena mahali turbo inaponing'inia. Kama lazima utengeneze, turbo ishikwe na braketi isibebwe na manifoldi peke yake.

Mimi ningemshauri asiye na hela ya seti asubiri. Turbo ya kuokoteza yaweza kufanya kazi mikononi mwa fundi mmoja hodari, lakini akihama mji huo hakuna mwingine anayejua alichokiunga.

Oili na vumbi

Turbo inaelea juu ya oili. Bomba la kuleta liwe safi na litoke mahali penye presha ya uhakika. Bomba la kurudisha ndilo linalokosewa: halina presha, oili inashuka kwa uzito wake tu, kwa hiyo liwe nene, lielekee chini muda wote bila kupinda juu, na liingie kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likikosewa, oili inajaa kwenye turbo, inavuka sili, na gari linatoa moshi wa bluu. Mteja anauziwa turbo nyingine, nayo inatoa moshi ule ule.

Oili ikivuja upande wa hewa kwa wingi, injini ya dizeli inaweza kuichoma yenyewe na kukimbia bila wewe, hata ukizima swichi. Ikitokea, kinachoizima ni kuinyima hewa: blanketi nene au ubao kwenye mdomo wa kuingizia hewa, na mikono mbali. Gari lenye gia za mkono, weka gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu zote na uachie klachi.

Kifaa cha kuiacha injini iungurume baada ya kutoa ufunguo kinauzwa sana. Si kibaya, ila dereva anayesubiri dakika moja au mbili baada ya kupanda mlima amekipata bure. Turbo iliyopozwa kwa maji pia inasamehe zaidi kuliko ya oili pekee, endapo seti inakupa uchaguzi. Oili ya 15W-40 ya daraja la API CI-4, ibadilishwe kila kilomita 5,000. Usinyooshe.

Vumbi linaua turbo kimyakimya. Ule mkonga ulioipa gari jina una maungio, na turbo inanyonya kwa nguvu kuliko injini ilivyokuwa ikinyonya. Ungio lililolegea baada ya filta linaipeleka murram moja kwa moja kwenye feni. Pitisha kidole ndani ya bomba kati ya filta na turbo kila unaposafisha filta. Kikitoka na vumbi, usiwashe gari mpaka umeona linakopita.

Kuhamia 1HD

Kwa anayetaka nguvu za kudumu, kuvuta tela, au kupanda milima kila siku, mimi naipa 1HD ushindi. Inatoka ukoo mmoja na 1HZ, kwa hiyo kukaa kwake kwenye gari si mapambano kama kuingiza injini ya kabila jingine. Ya 1HD-T ina pampu ya kimakanika ambayo fundi pampu wa kwetu anaielewa. Ya 1HD-FTE ina nguvu zaidi, lakini pampu yake inaongozwa na kompyuta, na utahitaji waya zake zote, kompyuta yake na fundi umeme mvumilivu. Ukinunua FTE kwenye maduka ya injini za mtumba, iwe ya Sharjah au ya jirani, chukua nusu gari zima, usichukue injini iliyokatwa waya.

1HD-T za mwanzo zina ugonjwa unaojulikana: beringi za rodi huchakaa kabla ya muda. Injini ikiwa bado chini, sampo nje, badilisha beringi hizo hata kama haigongi. Ni kazi ya nusu siku inayookoa kranki.

Ubaya wa njia hii ni kwamba unanunua historia usiyoijua. Seti ya turbo unaifunga kwenye injini uliyoitunza mwenyewe. 1HD ya mtumba huenda ilichemshwa na mtu usiyemjua, nchi usiyoijua. Halafu namba ya injini kwenye kadi itakuwa tofauti, na hilo lazima lirekebishwe TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania), au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa wa Kenya, na kwenye bima, kabla trafiki au siku ya kuuza gari haijakukumbusha.

Kuiacha

Njia hii haipewi heshima yake. 1HZ nyingi zinazolalamikiwa kuwa nzito zimechoka tu: nozeli zinamwaga, valvu hazijarekebishwa tangu gari liingie nchini, filta ya dizeli imeziba, matairi ni makubwa kuliko ya kiwandani na keria ina mzigo usioshuka. Zirekebishe hizo, weka ekzosi nzuri, na sehemu ya nguvu unayoitafuta inarudi.

Zaidi ya hapo, mgandamizo wa silinda zote sita lazima upimwe kabla ya turbo kwa vyovyote vile. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua moshi kama jiko la kuni, jibu lako limekuja na turbo isubiri injini ifunguliwe. Kama gari ni la mgahawa wa mjini, la shule au la kubebea abiria pwani, sioni sababu ya kulifunga turbo hata injini ikiwa mpya.

Wenye petroli

Wenye IST na Vitz za 1NZ-FE huuliza pia. Huko mgandamizo ni takriban 10.5:1, na adui ni kugonga: petroli kujiwasha kabla ya wakati wake. Ulinzi wake ni kompyuta inayoweza kuwekwa upya mafuta na muda wa plagi, nozeli kubwa, petroli ya okteni ya juu na presha ndogo. Bila fundi wa kuiweka kompyuta hiyo, mbele ya mashine ya kupimia au barabarani akiwa na kipimo cha hewa na mafuta, usianze. Kwa petroli kosa la sekunde chache linatosha kuvunja pistoni. Dizeli angalau inakuonya kwa sindano na moshi.

Nani achukue ipi

Gari la watalii au la mradi lenye 1HZ nzima, linalopanda mara kwa mara ila halivuti tela: seti ndogo, 0.5 bar, kifuniko cha pampu, geji kabla ya turbo, ekzosi ya inchi 3, bila intakula. Linalovuta au kubeba tani juu ya tani kila wiki: 1HD, na kama hela ni ya 1HZ tu, liache bila turbo kuliko kuifungulia mafuta. Ambaye dereva wake ni wa kuajiriwa, anabadilika kila mara na hatazami geji, naye aache, au aweke kengele inayolia kwenye nyuzi 650, tena iwe ya sauti kubwa.

Ukishafunga, kilomita 500 za kwanza ziende bila mzigo. Kisha kaza upya nati za manifoldi injini ikiwa baridi, mwaga oili hata kama bado inang'aa, angalia kama hozi za hewa zimelowa oili kwenye maungio, na klachi ijaribiwe kwenye gia ya nne mlimani: ikiteleza sasa, haitapona. Baada ya hapo ndipo fundi pampu airudie ile skurubu, akiwa amekaa kiti cha abiria na macho kwenye sindano ya joto, nawe ukiendesha mlima ule ule unaoupanda kila siku.